Mtungi Alioondoka Nao Mwalimu Josepha

Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu yeyote, hata nyumbani. Mwezi wa pili mwaka huu nilimwona Mwalimu Josepha Masanja akishindwa. Alifungua tanuri, akatoa bakuli la kwanza, likabaki vipande viwili mikononi mwake. Akatoa la pili, likawa hivyo hivyo. Akayatoa yote, akayapanga juu ya gunia kama mtu anayelaza wagonjwa, akachuchumaa kuyatazama mpaka kengele ya chakula ikalia na kunyamaza. Sikuwa najua kwamba mtu kama yeye anaweza kushindwa. Nilipomwomba ruhusa ya kuliandika hapa alicheka, akasema niandike, ila nisije nikasema kwamba alilia, kwa sababu hakulia.

Mwalimu Josepha amestaafu rasmi Ijumaa ya tarehe 16 Mei, baada ya kuitumikia Sekondari ya Itetemia Juu, hapa Tabora, kwa miaka thelathini na minne. Wengi wakistaafu hurudi kijijini kulima. Yeye, akiwa na miaka sitini, amehamisha karakana yake yote ya ufinyanzi kwenda Rumonge, nchini Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika. Jarida letu limenipa mimi, Julieth Valentino wa Kidato cha Tatu, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa kila Jumamosi nilikuwa nikimsomea vitabu karakanani. Mikono yake ilikuwa na udongo, miwani yake pia, na alikuwa akisema mtu hawezi kushinda anafinyanga bila kusikia habari za watu wengine.

Alizaliwa Usinge, ng'ambo ya Kaliua, mahali ambapo mashamba yanakutana na msitu. Mama yake, marehemu Bi Ng'washi, alikuwa mfinyanzi. Bibi huyo aliolewa akitokea Nzega, na inasemekana siku alipoletwa kwa mume alibeba kichwani mkeka, na ndani ya mkeka alikuwa amefunga kitambaa chenye vigae vilivyotwangwa, yaani vipande vya mtungi wa kwao. Wakwe walidhani ni dawa. Walikaa naye kwa wasiwasi mpaka walipomwona anachanganya unga ule kwenye udongo wa Usinge, akafinyanga chungu, akakichoma, akawapikia.

Katika ukoo wao wanasimulia kwamba desturi hiyo ilianza enzi za misafara. Wanasema kati ya watu waliokuwa wakitoka Tabora kwenda Ujiji walikuwepo wanawake pia, na mmoja wao alikuwa mama mkubwa wa zamani katika ukoo huo. Kila alipokaa mahali papya alitwanga kipande cha chungu cha zamani ndani ya udongo mgeni, ili udongo huo uzoee moto. Mwalimu Josepha hadai kwamba jambo hili limeandikwa popote. Anasema aliambiwa na mama yake, na mama yake aliambiwa na mama yake, na kwamba yeye hajaona sababu ya kubishana nao.

Alipofika shuleni kwetu mwaka 1991, somo la Sanaa lilikuwepo kwenye ratiba tu. Hakukuwa na chumba wala kifaa. Alipewa stoo ya madawati mabovu. Mwaka uliofuata vilijengwa vyoo vipya vya wavulana, na matofali yaliyobaki akayajengea tanuri. Mpaka leo ukitazama vizuri utaona matofali ya tanuri na ya vyoo yana alama moja ya kidole, ya fundi yule yule, na hilo halijawahi kumtia mtu haya.

Udongo aliutafuta kila mahali, akaja kuupata bora kuliko wote chini ya goli la kaskazini la uwanja wetu wa mpira. Alichimba kidogo kidogo, tena kwa adabu, akifukia kila mara. Lakini udongo uliorudishwa haukuwa mgumu kama wa mwanzo. Mwalimu Dionis, anayesimamia michezo, anakumbuka mechi moja na jirani zetu ambapo golikipa wetu aliruka kwenda kushoto, akatua, akazama mpaka magotini, akabaki pale akiangalia mpira unaingia kulia. Mwalimu Dionis alimwendea Mwalimu Josepha kwa hasira akamwambia kwamba amelifinyanga goli la shule. Mwalimu Josepha aliomba radhi. Wiki iliyofuata timu nzima ilipewa vikombe vya chai vilivyotengenezwa kwa udongo ule ule, kila kimoja kimeandikwa jina la mchezaji. Golikipa bado anacho. Siku hizi ni dereva wa lori, na kikombe anasafiri nacho.

Kidato cha Kwanza aliwafundisha wakiwa wamefunga macho kwa kitambaa. Alisema macho yana haraka. Ulipewa donge la udongo utengeneze kikombe bila kuona, na ulipofungua macho ukakikuta kimeinama, hukuruhusiwa kukicheka, wala mwenzako hakuruhusiwa. Mimi changu kilikuwa na mdomo mnene upande mmoja. Alikizungusha mkononi, akasema huyu aliyekitengeneza alikuwa anawaza jambo jingine, na kweli nilikuwa nawaza.

Kila mwaka, mvua zikiisha, aliwatembeza wanafunzi kwa miguu upande wa Kwihara, kwenye njia ambayo zamani misafara ilipita. Mvua huwa zimeosha ardhi, na vigae vya zamani vinaonekana juu. Kila mwanafunzi aliokota kimoja, na Mwalimu akatuonyesha jinsi ya kukisoma: huku ndani ni kweusi, maana yake moto ulikosa hewa, hapa pana alama ya ukucha, maana yake mfinyanzi alipunguza ukingo kabla haujakauka. Baada ya hapo tulivirudisha tulipovitoa. Nilibaki na kile chenye alama ya ukucha mpaka dakika ya mwisho, kidole changu kimekaa palepale kilipokaa cha mtu mwingine, nikawa wa mwisho kukirudisha.

Wanafunzi wake wametawanyika. Mmoja anatengeneza majiko ya udongo Nzega na ameajiri vijana. Mwingine anafundisha chuoni. Kazi za karakana yetu zimeonyeshwa Dodoma na Dar es Salaam, na vyeti viko ukutani ofisini. Yeye mwenyewe vyeti hivyo hakuwahi kutuonyesha. Tuliviona siku tulipotumwa kupiga deki.

Lakini kazi yake iliyojulikana kuliko zote ilikuwa mtungi wa mlangoni. Aliutengeneza mwaka 1996 pamoja na Kidato cha Pili cha wakati huo, ambao walikanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba. Ulikuwa mkubwa kuliko mlango wa tanuri, kwa hiyo aliuchoma nje, shimoni, kwa magome na nyasi na kinyesi cha ng'ombe, kama mama yake alivyokuwa akifanya. Ukawekwa kwenye kivuli cha baraza, mlangoni pa ofisi ya walimu, na tangu hapo shule nzima ilikunywa maji yake. Jua la mwezi wa kumi likiwa kali kiasi cha kupasua midomo, maji ya mtungi ule yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Wageni walidhani tunaweka barafu.

Sasa nieleze ilivyokuwa mpaka mtungi huo haupo tena, maana wengi wameuliza.

Binti wa Mwalimu, dada Yustina, ni muuguzi na ameolewa Rumonge. Huko kuna kikundi cha akina mama wanaofinyanga vyungu vya kupikia. Walisikia habari za mama yake, wakamwomba akistaafu aende kukaa nao, awafundishe gurudumu la kufinyangia na tanuri. Hawakuishia kuomba. Walijenga banda, wakaliezeka bati, wakaacha nafasi ya tanuri katikati. Kisha walimtumia gunia la udongo wao, ili aujue kabla hajafika. Mwalimu alisema ni vibaya kufika kwa watu waliokujengea nyumba ndipo uanze kuuliza udongo wao una tabia gani.

Tabia ya udongo ule ilikuwa mbaya. Ulikuwa laini kama siagi, unafinyangika vizuri kuliko wetu, unakauka bila shida, halafu ukiingia motoni unapasuka. Hayo ndiyo mabakuli niliyoyaona mwezi wa pili. Akaongeza mchanga, yakapasuka. Akatwanga matofali akachanganya, yakapasuka. Akatwanga vyungu vilivyoharibika vya karakana yenyewe, yakapasuka tena, ila safari hii kwa sauti, tukiwa tumekaa nje, tukasikia moja baada ya jingine.

Siku ile aliniambia nifunge kitabu. Alisema kwamba vifaa vyote anaweza kuhama navyo, magurudumu, rafu, mawe ya kusugulia. Lakini kama hawezi kuuchoma udongo wa kule, basi hana karakana, na wale akina mama wamemjengea banda bibi anayekuja kulea wajukuu. Alilisema hilo polepole, bila kunung'unika. Mimi nilikuwa nimezoea kuogopa mitihani na kusimama mbele ya darasa. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuogopa hivyo na bado akaendelea kuosha ndoo.

Njia iliyobaki ilikuwa ya mama yake. Vigae alivyokuwa ametwanga vilitoka kwenye tanuri letu, vimeiva sana, vimekuwa kama kioo. Mama yake alitumia vigae vya mtungi uliochomwa nje kwa moto mdogo na kunywewa na watu wengi kwa miaka mingi. Kwa nini iwe hivyo, Mwalimu hakujua, na alisema hajui. Aliulizia kwa ndugu zake Nzega na Kaliua kama kuna mtu mwenye mtungi wa zamani. Siku hizi kila nyumba ina ndoo za plastiki. Aliletewa mmoja uliokuwa umepandwa maua na mwingine uliokuwa umezibwa kwa saruji. Mimi nilimuuliza bibi yangu, akaniambia wa kwake aliuvunja mbuzi kabla sijazaliwa.

Kwa hiyo ulibaki mtungi mmoja tu, na kila mtu anajua ulikuwa wapi. Mwalimu aliamua kwenda kumwomba Mkuu wa Shule, Mwalimu Raymundi. Alijiandaa kwa siku kadhaa. Aliniambia ameomba mambo mengi katika shule hii, lakini hajawahi kuomba kitu ambacho kila mtu anakipenda.

Wakati huohuo kamati ya kumuaga ilikuwa kazini, chini ya Mwalimu Dionis, na ilikuwa imeficha siri yake vizuri. Jumatatu moja katikati ya mwezi wa nne, kwenye mstari wa asubuhi, Mwalimu Josepha aliitwa mbele. Mtungi ulikuwa umefunikwa shuka. Shuka likavutwa. Mtungi wote, kuanzia shingoni mpaka chini, ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta, bluu na nyeupe za shule, unameremeta kama gari jipya. Tumboni ulikuwa umeandikwa jina lake kwa herufi za dhahabu, na kuzunguka jina kulikuwa na alama za mikono midogo. Kidato cha Kwanza walikuwa wameupaka kwa siku tatu, baada ya masomo, wakiambiana wasimwambie mtu. Mkuu wa Shule akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtungi hautanywewa maji tena, ni kumbukumbu, na utakaa pale mpaka yeye naye astaafu.

Tulipiga makofi sana. Mwalimu Josepha naye alipiga makofi. Akawashukuru Kidato cha Kwanza, akagusa alama za mikono, akauliza huu ni wa nani, na huu je, na kila mtoto akajitaja. Kisha akarudi pembeni, akakaa chini kwenye ukingo wa baraza, yeye ambaye hatujawahi kumwona amekaa mstarini.

Jumamosi iliyofuata hakutaja mtungi. Alikuwa anafunga rafu kwa kamba. Nilipouliza atafanya nini, alinijibu kwamba atakwenda hivyohivyo, na huko atawaomba wenyeji wamvumilie.

Jambo hilo lilinikaa kifuani. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu, wala sikujua nimwambie nani. Lakini Jumatatu, pale bombani, Suzana wa Kidato cha Kwanza aliniuliza mwenyewe. Suzana ni mdogo kwa umbo na hana aibu ya aina yoyote, na ndiye aliyeandika zile herufi za dhahabu.

"Dada Julieth, wewe unakaaga naye," alisema. "Kwa nini Mwalimu alikaa chini siku ile?"

Nikamweleza yote, kuanzia gunia la Rumonge. Alisikiliza huku maji ya ndoo yake yanafurika.

"Kwa hiyo," akasema mwishowe, "tumempaka rangi chakula chake."

Nikamwambia hakuna aliyejua. Akasema sasa yeye anajua. Akaiacha ndoo palepale, akaenda kuwaita wenzake, na kabla sijapata la kufanya nilikuwa nimesimama nyuma ya kundi zima la Kidato cha Kwanza mlangoni pa Mkuu wa Shule.

Suzana alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba.

"Tumekuja kuomba ule mtungi, Mwalimu."

"Muupeleke wapi?"

"Hatuupeleki. Tunataka kuuvunja."

Mwalimu Raymundi aliweka kalamu chini. Alituangalia mmoja mmoja, na nilipoona macho yake yanakaribia kunifikia nikaeleza, kwa sauti ambayo naambiwa haikusikika vizuri, kwa hiyo nikaeleza tena. Halafu akatuma mtu amwite Mwalimu Josepha.

Alipofika, Mkuu alimuuliza kwa nini hakusema. Mwalimu Josepha alijibu kwamba watoto walipaka rangi siku tatu kwa furaha, sasa angewaambia nini?

"Ungeniambia mimi," Mkuu alisema.

"Na wewe ni mtoto wangu vilevile, Raymundi."

Hapo ndipo wengi wetu tulipojua. Mwalimu Raymundi alikuwa Kidato cha Pili mwaka 1996. Alikuwa mmoja wa wale waliokanyaga udongo wakiimba. Alitoka ofisini bila koti, akaenda barazani, akasimama mbele ya mtungi, akaweka kiganja chake juu ya rangi. Alisema amekunywa maji ya mtungi huo akiwa mwanafunzi, akiwa mwalimu mgeni, na siku alipofiwa na baba yake, na kama kuna mtu wa kuuvunja basi ni yeye. Akaletewa nyundo. Akainyanyua. Akaishusha. Akainyanyua tena, na mkono ukakataa. Mwalimu Dionis alimnong'oneza kwamba hata penalti mtu huchelewa kupiga hivi hivi halafu anakosa. Hakuna aliyecheka kwa sauti.

Mkuu akampa Suzana nyundo.

Suzana alimtazama Mwalimu Josepha. Mwalimu akaonyesha kwa mkono mahali pa kupiga, chini ya shingo, palipo pembamba. Suzana alipiga mara moja. Mtungi haukulia kama chombo kinachovunjika. Ulitoa sauti nzito, kama mtu anayeshusha pumzi, ukafunguka vipande vikubwa, na ndani yake ukaonekana wekundu mzuri, bado na unyevu.

Rangi haikuwa imeingia ndani ya udongo. Ilibaki juu tu, ikatoka kwa visu vya jikoni na subira. Darasa zima lilikaa barazani kukwangua, kila mtu akitafuta kigae chenye mkono wake ili aukwangue mwenyewe. Kisha wapishi wakatuazima vinu. Vinu vinne vilitwanga kwa zamu, wavulana na wasichana, na Mwalimu akapita kati yetu na chekeche, akichukua unga uliolainika na kurudisha uliokuwa bado. Nilikuwa nimesoma mara nyingi neno "urithi" vitabuni. Sikuwahi kufikiri kwamba linaweza kuingia puani mtu akapiga chafya.

Alichanganya sehemu ya unga ule na udongo wa Rumonge uliobaki. Ulitosha mabakuli matano na kijungu kimoja. Alivikausha kivulini, bila haraka, akavigeuza kama mtu anayegeuza mtoto usingizini. Ijumaa, wiki moja kabla ya sherehe ya kumuaga, akavichoma. Kesho yake tanuri lilipopoa tulikuwa wote pale, na Mkuu wa Shule akiwa nyuma kabisa, mikono mfukoni.

Mwalimu Josepha aliondoa matofali ya mlango moja moja. Akaingiza mkono. Akatoa bakuli la kwanza likiwa zima. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, na likaitika, sauti ndogo, safi, ndefu, iliyokaa hewani. Akatoa la pili, akaligonga. La tatu. Ulikuwa ni udongo wa nchi nyingine na mtungi tuliokuwa tukinywea sisi, na vilikuwa vimeshikana, na havikupasuka. Nimejaribu kuandika mara kadhaa jinsi nilivyojisikia wakati ule. Ninachoweza kusema ni kwamba niliangalia mikono yake, yenye kucha fupi na mipasuko ya udongo, nikaona kwamba elimu niliyokuwa nikiitafuta kwenye rafu za maktaba ilikuwa imekaa pia mahali pengine, imenyamaza, inafanya kazi.

Mabakuli matano alituachia. Kijungu alikichukua.

Kwenye sherehe palikuwa na hotuba, kwaya, na pilau nyingi. Mwalimu Dionis alikiri mbele ya wazazi kwamba kamati yake iliharibu mambo kwa upendo, akaomba radhi, na Mwalimu Josepha akamjibu kwamba sasa wamelipana kwa lile goli. Alipopewa nafasi ya kuzungumza alizungumza kwa dakika chache sana. Aliwataka Kidato cha Kwanza wasiogope kuvunja kitu kizuri wakishajua ni kwa ajili ya nini, na wasivunje kabla hawajajua.

Alisafiri Jumatatu kwa treni ya Kigoma, akapitia Kaliua na Usinge kwao, kuelekea kule kule misafara ilikokuwa ikielekea. Kutoka Kigoma angepanda gari kupitia Manyovu mpaka Burundi. Magurudumu na rafu viliingia behewa la mizigo. Mfuko wa unga wa vigae alikataa kuuachia, akaupakata. Mpagazi mmoja kituoni alimuuliza kuna nini humo ndani. Akasema ni vumbi.

"Burundi hakuna vumbi, mama?" mpagazi aliuliza, na watu wakacheka.

"Lipo," Mwalimu akasema. "Ila hatujafahamiana."

Mwalimu Josepha, kwa niaba ya wanafunzi, walimu, wapishi na magolikipa wote wa shule hii, tunakushukuru kwa miaka yako na kwa mikono yako. Tunakuombea kuni kavu, majirani wenye vicheko, na afya ya kukutosha kuona wanafunzi wa wanafunzi wako. Ukikaa kando ya ziwa hilo, kaa kwa amani. Huku tuko salama.

Treni ilipoondoka, mimi na Suzana tulirudi kwa miguu. Kesho yake nilifika shuleni mapema. Nilijaza ndoo mbili bombani, nikaziweka kivulini mlangoni pa ofisi ya walimu, nikazifunika kwa sinia na kikombe juu yake, kwa sababu watu watafika na kiu. Kisha niliingia darasani.